Usajili wa Simba na Yanga: Nani Kashika Karatasi?

Mohamed Hussein, tuliyemzoea kwa jina la Tshabalala, ameihama Simba na kwenda Yanga. Kwa asiyefuatilia mpira hii ni khabari ya kijana aliyebadilisha kazi. Kwa anayefuatilia, huyu ni nahodha aliyekaa Msimbazi tangu 2014 alipotoka Kagera Sugar, miaka kumi na moja kamili, na leo amevaa kijani na manjano ya Jangwani. Tangu itangazwe khabari hiyo simu yangu haijapumzika. Kundi letu la ukoo lina watu Maskati, Dubai, London na Unguja, na huku Agincourt tuko watatu. Kuna binamu wawili, wote wanaume wazima wenye wajukuu, ambao mpaka nikiandika haya hawasemeshani kwa sababu ya beki wa kushoto.

Niseme kwanza tuko wapi. Agincourt ni kitongoji cha Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto. Wenyeji wake wengi leo ni Wachina, Watamil na Wafilipino, na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumetapakaa humo kama mchele uliomwagika. Baraza yetu ni meza mbili za duka la kahawa barabara ya Sheppard. Wanakuja wazee wa Unguja, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, na mmoja wa Bukavu ambaye kila akizungumza lazima amtaje Fiston Mayele. Dirisha la usajili linapofungwa Dar saa sita usiku, nyinyi Maskati ni saa saba na mmelala, na sisi ni saa kumi na moja jioni, kahawa iko mezani. Kwa hiyo mabishano yote ya saa ya mwisho yanatuangukia sisi.

Maneno yanayotumika ni mazito. Msaliti. Kauza roho. Kanunuliwa. Upande wa pili wanacheka na kusema mtu kaona mwanga. Katika yote hayo ni mzee mmoja tu wa Mombasa, ambaye timu hizi mbili hazimhusu hata kidogo, aliyeuliza swali la maana: mkataba wake ulikuwa unakwisha lini?

Mimi nilikuwa karani. Zaidi ya miaka thelathini nimefungua na kufunga mafaili ya hati za mizigo na mikataba ya watu wa kazi. Mapadri waliotufundisha skuli ya misheni walikuwa wakali juu ya kitu kimoja, nacho ni kuusoma mstari mpaka mwisho wake kabla hujafungua mdomo. Nikitazama mabishano ya usajili naona watu wanagombania majina na picha, ilhali jambo lenyewe limo ndani ya faili, na ndani ya faili jambo la kwanza ni tarehe.

Mkataba wa Tshabalala na Simba ulimalizika. Basi. Sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji ambaye mkataba wake umebakia miezi sita au pungufu kuzungumza na klabu nyengine na hata kusaini nayo. Na tangu hukumu ya Jean-Marc Bosman, aliyoitoa mahakama ya Ulaya Disemba 1995, dunia nzima ya mpira imekubali kwamba mkataba ukisha mtu anaondoka bila klabu yake kulipwa kitu. Ikiwa Simba walimtaka, walikuwa na msimu mzima wa kukaa naye mezani kabla hajafika mwezi wa sita. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2024, mkataba wa Clatous Chama ulikwisha vivyo hivyo, na siku ya kwanza ya Julai Yanga wakamtangaza. Mwamba wa Lusaka na nahodha, miaka miwili mfululizo, wote kwenda kwa mtani, na Simba hawakupata ada ya uhamisho hata shilingi moja. Mkataba wa Chama hata ulifaidisha watu kwa muda mfupi: baada ya msimu mmoja Jangwani, 2025 akahamia Singida Black Stars.

Linganisheni na 2021. Mwezi wa Agosti mwaka ule Simba waliwauza Chama kwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri. Mashabiki walilia, na kwa upande wa uwanjani walikuwa na haki ya kulia, maana Simba iliyokuwa imechukua ubingwa mara nne mfululizo haikuuchukua tena. Yanga wakauchukua 2022, 2023, 2024 na 2025. Lakini siku ile Simba ilikuwa na karatasi mkononi, ikauza, ikalipwa. Yanga wenyewe walifanya hivyo 2023 kwa Mayele, aliyekwenda Pyramids ya Misri na baadaye akachukua nayo ubingwa wa Afrika. Hapo shabiki anaweza kubisha kama bei ilikuwa nzuri au mbaya. Pale mkataba unapokufa wenyewe kwenye droo, hakuna bei ya kubishania, kuna uzembe tu wa ofisi. Hasira za watu zinamwendea mchezaji kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana kwenye picha. Anayetunza droo haonekani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona nyinyi mlioko Ghuba mngelielewa kuliko mtu yeyote, lau mngekubali kuvua jezi kwa robo saa.

Wengi wenu mnaikumbuka karatasi ya NOC. Wengine ni raia, mlikuwa mkiitoa. Wengine mko kwa viza, mlikuwa mkiingoja. Oman mpaka mwisho wa 2020 mfanyakazi mgeni aliyetaka kuhamia kwa tajiri mwengine alihitaji tajiri wa kwanza aseme hana pingamizi. Asipopewa, alitakiwa atoke nchini na akae nje miaka miwili kabla ya kurudi kwenye kazi nyengine. Tarehe 1 Januari 2021 sharti hilo liliondoshwa kwa aliyemaliza mkataba wake, na Qatar walikuwa wametangulia miezi michache tu. Nina jamaa yangu aliyeshindwa kuhamia kazi ya mshahara mara mbili kwa sababu tajiri wake alikuwa amemkasirikia kwa jambo la nyumbani lisilohusu kazi. Hakuna mtu kwenye ukoo aliyemwita msaliti kwa kutaka kuhama. Tulimwombea dua.

Basi mtazameni Feisal Salum kwa jicho hilo. Huyu ni mtoto wa Unguja, aliyechezea JKU kabla ya kuvuka maji na kusajiliwa Yanga 2018. Disemba 2022, akiwa na mkataba unaokwenda mpaka 2024, aliaga. Aliingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za fedha ya usajili aliyokuwa amepewa, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Hesabu hiyo ndiyo iliyotufumbua macho wengi. Gawanyeni 12 kwa 3. Kiungo wa timu ya taifa, nguzo ya klabu bingwa, alikuwa akilipwa milioni 4 kwa mwezi, wakati mitaani watu wakitaja mishahara ya wageni iliyo mara kadhaa ya hiyo.

Yanga waliirejesha fedha. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, Machi yakatupwa. Nusu msimu mzima kijana mwenye umri wa miaka 25 hachezi klabuni, yuko nyumbani. Mwezi wa Mei akawaomba wananchi wamchangie ili aipeleke kesi yake kwenye mahakama ya michezo, CAS, kule Uswisi. Mama yake akasema hadharani kwamba mwanawe kambini alikuwa akila ugali kwa sukari, na maneno hayo yakageuzwa utani wa nchi nzima, mpaka viwanjani. Mimi sikucheka, na nawaambia wazi kwamba waliomcheka mama wa watu walinivunja moyo kuliko chochote kilichotokea katika kesi ile. Mama anaeleza mtoto wake anakula nini kazini, watu wazima wanamtungia vichekesho!

Mwisho wake mnaujua. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF, wakafungwa na USM Alger kwa faida ya goli la ugenini tu, na Rais Samia alipowakaribisha Ikulu mwanzoni mwa Juni 2023 aliwataka viongozi wamalize jambo la Feisal. Siku chache baadaye Yanga wakatangaza kwamba wamemuuza Azam.

Kisheria, naiona kamati haikukosea. Mkataba una pande mbili, na upande mmoja hauwezi kuufunga kwa kuweka fedha benki kama anayelipia umeme. Kanuni za FIFA zina kitu kinachoitwa kipindi cha ulinzi: mchezaji aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 analindwa na kubanwa kwa miaka mitatu, na aliyesaini baada ya hapo kwa miaka miwili. Anayevunja mkataba ndani ya kipindi hicho bila sababu ya haki anaweza kufungiwa kucheza. Lakini haki ya karatasi siyo haki yote. Klabu ilikuwa imemshika mtu kwa mshahara ambao yeye mwenyewe anaona umepitwa na kazi yake, na badala ya kuurekebisha mapema ikangoja mpaka amechoka. Alipofika Azam, msimu wa 2023/24, alifunga magoli 19, nyuma ya Aziz Ki peke yake aliyefunga 21. Yanga ilibaki bingwa, ndiyo, lakini hesabu inaonesha kilichokuwa kimekaa nyumbani Unguja miezi mitano kwa sababu ya ugomvi wa mezani.

Na iliyomtoa ni nini hasa? Siyo hoja ya mawakili wake, wala michango ya watu. Ni neno la Rais wa nchi kwenye karamu. Jambo hilo lilipokelewa kwa makofi, na mimi nafurahi kijana alipata riziki yake, lakini wachezaji mia wengine wa Ligi Kuu wenye mikataba ya namna ile hawatakaribishwa Ikulu.

Kuna kesi nyengine mbili nitazipita haraka kwa kuwa funzo lake ni la ofisini tu. Bernard Morrison, yule Mghana, alipotoka Yanga kwenda Simba 2020, Yanga walisema ana mkataba wa miaka miwili, yeye akasema alisaini wa miezi sita. Kamati ya TFF ilipoufungua mkataba ule ikakuta una mapungufu, ikamwachia. Yanga wakaenda mpaka CAS, haikusaidia. (Na 2022 Morrison huyo huyo akarudi Yanga, akapokewa kwa ngoma. Waliokuwa wamekosana kwa ajili yake sijui waliangaliana vipi.) Na mwaka 2024 Simba walimtangaza Lameck Lawi wa Coastal Union, picha na jezi, halafu Coastal wakasema malipo hayakuja kwa wakati uliokubaliwa, kwa hiyo hakuna mauzo. Akabaki Coastal. Kwa karani yeyote wa bandarini hilo ni jambo la kila siku: mzigo hautoki mpaka fedha ionekane, hata ukija na bendi ya tarumbeta.

Huku Amerika ya Kaskazini kuna mpango mwengine kabisa, na kijana wa dada yangu, aliyezaliwa hapa hapa Scarborough, anaona wetu ndio wa ajabu. Huku timu hazinunuliani wachezaji tu, zinabadilishana. Mchezaji analala mtu wa Toronto na kuamka mtu wa mji mwengine, na mara nyingi hakuulizwa.

Katika ligi yao ya soka, MLS, sababu iko wazi ukisoma karatasi. Mchezaji hasaini na klabu, anasaini na ligi yenyewe. Kwa hiyo akitoka Toronto kwenda Miami hajabadilisha tajiri, kabadilishiwa tawi. Wale mliofanya kazi serikalini zamani mtaelewa mara moja: ni ile barua ya uhamisho, karani wa Tanga unatakiwa uripoti Mtwara mwezi ujao, na watoto wako wako skuli Tanga. Alejandro Pozuelo, Mhispania, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima 2020 akiwa na Toronto FC. Julai 2022 alipelekwa Inter Miami kwa dola 150,000, tena siyo fedha taslimu bali za mgao wa ligi, zile ambazo timu inaruhusiwa kuzitumia kupunguza uzito wa mishahara kwenye vitabu vyake. Dola 150,000 kwa mtu ambaye miaka miwili nyuma alikuwa wa kwanza! Sababu ni ile ile ya Tshabalala: mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka, na karatasi inayokaribia kufa haina bei.

Mpira wa kikapu una utaratibu wake wa mikataba, lakini matokeo yanafanana. Mji huu wote unaikumbuka Julai 2018, Raptors walipomtoa DeMar DeRozan, aliyekaa misimu tisa na kuapa kwamba hataki kwenda popote, wakamleta Kawhi Leonard. Watu waliumia kweli, niliwaona kazini kwa mwanangu wananuna kama wafiwa. Mwaka uliofuata Raptors wakachukua ubingwa wao wa kwanza, mitaa ikajaa watu, na wiki chache baada ya sherehe Kawhi, mkataba wake umekwisha, akaondoka zake kwenda Los Angeles. Aliyeipenda timu alihamishwa, na aliyeletwa akatwaa kombe na kuondoka. Hakuna niliyemsikia huku akimwita DeRozan msaliti, maana kila mtu alijua karatasi iko kwa nani. Mpaka leo akija kucheza dhidi yao anapigiwa makofi. Tshabalala akigusa mpira mbele ya Simba sidhani kama atapigiwa makofi, na hali yeye ndiye aliyemaliza mkataba wake mpaka siku ya mwisho.

Msinielewe kwamba nausifia mpango wa huku. Kumhamisha mtu kama kabati siyo adabu. Lakini kuna kitu kimoja huku ambacho ningependa kukiona Dar kabla sijafa: mishahara iko wazi. Chama cha wachezaji wa MLS kinachapisha orodha, jina kwa jina, dola kwa dola. Ndiyo maana mashabiki wa Toronto FC waliweza kubishana kwa hesabu juu ya Lorenzo Insigne. Alitoka Napoli, akaanza kucheza hapa Julai 2022, takriban dola milioni 15 kwa mwaka, wa pili kwa malipo katika ligi nzima tangu Messi alipofika. Pamoja naye alikuja Mtaliana mwenziwe, Federico Bernardeschi. Mwaka 2023 Toronto ikamaliza mkiani mwa timu zote 29 ikiwa na pointi 22, na katika miaka yao hapa haikufika mchujo hata mara moja. Tarehe 1 Julai 2025 klabu ikavunja mikataba ya wote wawili, ikalipa ili waondoke. Kijana wa dada yangu alikuwa na karatasi yake, kila goli limegharimu kiasi gani. Nilimsikiliza kwa wivu.

Kwetu shabiki anabishana gizani. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa matangazo wa miaka kumi, zaidi ya shilingi bilioni 225. Kuna wadhamini wa ligi, kuna wafadhili wa klabu, kuna kadi za uanachama ambazo hata nyinyi Ghuba mnazilipia, na jezi halisi mnazoagiza kwa ndugu anayetoka likizo. Fedha imeingia kweli kweli, na ndiyo iliyoipeleka Yanga fainali ya Afrika 2023 na Simba 2025, ile iliyochezwa Amaan na Berkane wakaondoka na kombe kwa sare ya 1-1. Lakini mwanachama haambiwi mchezaji kanunuliwa kwa kiasi gani, analipwa nini, na mkataba wake unakwisha lini. La mwisho hili lingetosha. Klabu ingetangaza tarehe ya mwisho ya kila mkataba kwenye siku zao kubwa, Simba Day na Wiki ya Mwananchi, pale wanapowatambulisha wachezaji mmoja mmoja kwa taa na moshi, basi mwaka mmoja kabla ya kilio wanachama wangekuwa wameshauliza: nahodha wetu mnamsainisha lini? Hata wakificha mshahara, tarehe siyo siri ya biashara. Mpinzani anaijua, wakala anaijua, mke wa mchezaji anaijua. Asiyeijua ni anayenunua jezi.

Kuna kundi jengine ambalo ningependa lisome haya kuliko wanaobishana juu ya Tshabalala, nalo ni wazazi. Huku Agincourt watoto wetu wamejaa kwenye timu za vijana, na najua Maskati, Dubai na Doha mambo ni hayo hayo, kila mzazi ana Samatta wake. Zanzibar ndio usiseme, kutoka Juvenile mpaka ligi kuu. Mwaka jana mzazi mmoja aliyeko Ghuba alinitumia picha ya mkataba wa mwanawe wa miaka 18, anataka nimfasirie Kiingereza chake. Fedha ya kusaini ilikuwa imeandikwa kwa herufi nene ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo, klabu ina haki ya kuongeza miaka miwili kwa mshahara ule ule, na mchezaji hana haki kama hiyo. Nilimwambia asisaini mpaka kifungu kile kiwe na pande mbili au kiondoke. Klabu walikunja uso kwa wiki moja, halafu wakakiondoa. Kumbe kilikuwemo tu kwa kuwa hakuna anayekisoma.

Na mwambieni kila kocha wa mtaani atunze daftari. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine, FIFA inataka asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23, kila moja kwa miaka iliyokaa naye. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ndiyo iliyozipa haki klabu zilizomlea. Lakini ili klabu ipate lazima iwepo kumbukumbu rasmi ya usajili: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, msimu wa kwanza na wa mwisho. Zanzibar siyo mwanachama wa FIFA, na CAF walituingiza Machi 2017 na kututoa Julai mwaka ule ule, kwa hiyo karatasi zetu zinapita njia ndefu zaidi mpaka kufika panapohusika. Ndiyo sababu zaidi ya kuziandika vizuri tangu mwanzo. Jina moja likiandikwa Salum hapa, Salim pale, na Abdallah kwengine, karani wa Zurich hatapiga simu Unguja kuuliza kama ni mtu yule yule.

Mzee wa Bukavu ananiambia Mayele angepaswa kuuzwa kwa bei zaidi. Nimemuuliza mkataba wake ulikuwa umebakia muda gani. Amesema atamuuliza mpwa wake, atanijibu Jumamosi.